Shavu la Mwende

Mwanangu, wewe unayechora watoto wa watu, kuna siku moja ninayoikumbuka bila kupenda.

Nilikuwa kijana, nachorea kibandani kwetu mtaani Kianda, na kazi yangu ilikuwa imeanza kusifiwa. Watu walisimama wakisema, "Huyu anachora mpaka unadhani ni kamera." Nami nikavimba kichwa. Jirani yetu Mama Mwende, muuza mboga kutoka Kitui, akaniletea binti yake wa miaka saba nimchore. Mwende aliwahi kuungua kwa uji. Shavu lote la kushoto lilikuwa kovu. Alikaa wima, akatabasamu, hakuficha chochote.

Nilichora macho, nywele, hata kifungo kilichokatika shatini. Kovu sikulichora. Nilitaka picha ya kupendeza, watu wanisifu zaidi. Nikajidanganya kwamba ile ni huruma.

Mwende aliitazama sana. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe."

Akapeleka mkono shavuni, akauacha hapo.

Wiki moja baadaye mama yake aliirudisha ile karatasi. "Mwaka mzima nimemwambia uso wake hauna shida," alisema. "Akaamini. Sasa hata shule anataka kuenda amejifunika leso. Chukua picha yako." Nikaomba nimchore tena, vile alivyo. Mtoto alikataa kabisa kukaa. Halafu wakahamia Kawangware.

Mwaka jana nilikutana na Mwende huko, pale kituo cha matatu cha 46, mwanamke mzima, mtoto mgongoni, kitambaa kimevutwa hadi shavuni. Nilimwomba msamaha papo hapo barabarani.

"Mzee, nilishakusamehe," alisema. "Lakini hata picha ya harusi sina. Nilikataa kupigwa."

Akaenda zake.

Basi, mwanangu, mchore mtoto jinsi alivyo. Kama ana kovu, lichore; kama ana pengo au kamasi, chora. Usimrekebishe. Mtoto hujifunza uso wake kwa kuangalia jinsi wakubwa wanavyomtazama, na ukimwondolea kitu usoni, umemwambia kwamba ni aibu. Hata ukijuta na kuomba msamaha baadaye, hutalifuta neno hilo, mimi nimejaribu.

Mungu aubariki mkono wako, akupe moyo wa kumtazama kila mtoto bila kugeuza macho, na usizeeke na uchungu nilio nao mimi.