Harufu ya Maziwa

Wakati wa vita vya shifta nilikuwa Garissa, kwenye foleni ya vibali vya kusafiri. Barazani hapo hapo, mwalimu mgeni kutoka Nyeri aliwafundisha watu wazima Kiingereza, namna ya kusema kwamba kitu kipo. Aligusa meza akasema, "There is a table." Kisha akamtaka kila mmoja ataje kitu chake.

Mama mmoja aliyepakata chombo cha kusukwa akasimama. "There is milk," alisema taratibu, kama anayeota.

Mwalimu akafungua kifuniko, akachungulia. "Lakini mama, humu hakuna kitu."

"Ngamia wake walichukuliwa na askari kwenye msako wa waasi," jirani yangu alininong'oneza. "Lakini kila asubuhi bado anakifukiza chombo kwa kaa la moto, kana kwamba atakamua."

"Hapana tazama kwa macho, mwalimu," mama alisema, akimsogezea chombo usoni. "Nusa."

Mwalimu akainama, akavuta pumzi. Hata sisi kwenye foleni tuliipata harufu ile ya moshi mtamu na maziwa ya zamani. Akafumba macho, akakaa hivyo mpaka nikadhani amesinzia. Alipoinua kichwa hakusahihisha neno. "Semeni wote," alisema kwa sauti ya chini, na baraza zima likasema maziwa yapo.

Zamu yangu ikafika. Mezani kwa karani, redio ilikuwa ikitangaza kwamba huku kwetu kuna amani.

Nikaisogezea pua.