Kiingereza Hakina Shikamoo

Leo ukifika Morogoro mjini ukauliza nani anasafirisha viungo vya Kinole, kijiji chetu kule milimani, utaletwa kwangu. Fuso ni langu, ghala ni langu, na wenye digrii mle ofisini nimewaajiri mimi niliyeishia kidato cha pili. Wazungu wakija kununua mdalasini naongea nao mwenyewe, sihitaji mkalimani. Lakini enzi zile za ruksa, mitumba na redio za Japani zilipoanza kupanda milimani, Kiingereza kilikaribia kunitoa roho.

Shule ilikuwa chini ya mlima. Tulishuka alfajiri, viatu mkononi, umande mpaka magotini, na harufu ya karafuu mbichi ambayo hata leo ghala langu zima halinipi. Ukifeli mtihani wa kidato cha pili, shule imekwisha. Mimi Kiingereza ndicho kilichokuwa kinanivuta chini.

Siku moja madam wa Kiingereza, binti mgeni kutoka Moshi, akatubakisha sisi wa mkiani. Hakushika fimbo. Akasema kwa Kiswahili, "Nielezeni. Tatizo ni nini?"

Mwenzangu wa dawati akaanza. "Madam, nyumbani Kiluguru, sokoni Kiswahili. Hicho Kiingereza niongee na migomba?"

Tukacheka. Msichana wa mbele akageuka. "Mnaona? Hivyo hivyo mnanicheka nikikosea, mpaka njiani. Mimi nimeamua kunyamaza."

"Na wewe?" madam akaniuliza.

"Kiingereza hakina shikamoo, madam. Nikikupa gudi moning nimesimama wima hivi, naona kama nimekutukana. Ulimi unagoma, na yote yanayofuata yanagoma."

Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Haya. Nipe shikamoo yako kwanza, nikuitikie, ndipo tuanze."

Ikawa desturi yetu. Tunainama kidogo, shikamoo, marahaba, halafu Kiingereza. Nikaanza kuongea, nakosea, lakini naongea. Kuandika ndiko kulikonishinda, na mtihani ulikuwa umeshakaribia. Matokeo yakatoka, sikuwemo. Mama alilia. Mimi nikabeba ndizi, nikateremka mjini.

Sokoni ndipo madam aliponikuta. Nikasimama wima, nikamsalimia kwa Kiingereza kilichonyooka, ajue hakunifundisha bure. Hakujibu. Alisimama tu na kikapu chake, ananitazama, wateja wanapita.

Nikainama. "Shikamoo, madam."

"Marahaba!" Akatabasamu, kisha akaniuliza kwa Kiingereza ndizi zimetoka wapi, na mama hajambo? Nikajibu yote, bila kigugumizi hata kidogo.

Mama wa nyanya pembeni akashika kiuno. "We kijana, kumbe msomi! Sasa ndizi za nini?"

Mpaka leo mzungu akiingia ghalani kwangu, namwanza na shikamoo. Wale wa siku nyingi wameshajua kuitikia.