Mtoto wa Ukurasa wa Kumi na Moja

Pale maktaba walimwita Mama Vitabu, naye akaitika, maana jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Kazi yake ilikuwa sehemu ya watoto, ghorofa ya chini, kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha kadibodi. Asubuhi aligonga muhuri wa tarehe kwenye vitabu vilivyoazimwa, mchana alishona vilivyochanika, na kati ya hayo alikuwa na jicho la kumnyamazisha mtoto aliye mwisho wa chumba bila yeye mwenyewe kufungua mdomo. "Yule hakutazami," wazazi walisema wakicheka, "yule anakuchomoa betri."

Ambacho hakuna aliyekijua ni mkono wake wa kulia. Tangu akiwa na miaka tisa, akiweka kiganja juu ya mstari na kuusoma kwa sauti, karatasi ililegea kama unga uliokandwa, mkono ukazama mpaka kiwikoni, na kilichotajwa kwenye mstari ule akatoka nacho. Alishatoa chungwa, alishatoa taa, siku ya mvua alishatoa mwavuli. Ila mahali pa kitu hicho palibaki peupe kitabuni, na kisiporudishwa ndani ya siku kumi na nne, ukurasa ulijifunga wenyewe kama kidonda kinavyopona, hadithi ikaendelea kana kwamba hakikuwahi kuwepo. Hilo alilijua kwa kisu. Aliwahi kukisahau kisu cha mchinjaji jikoni kwake kwa wiki tatu, na alipofungua kitabu akamkuta mchinjaji amekuwa fundi saa. Siku hiyo alicheka mpaka machozi. Lakini watu hakuwahi kuwagusa.

Kisha mwanawe akafa. Alikuwa wa pekee, miaka saba, na homa ilimchukua kwa siku tatu tu. Mumewe alikivumilia kimya cha nyumba ile miezi mitano, akafungasha, akahamia kwa dada zake, na huko akaoa. Kazini walimwambia ajikaze kisabuni, bado ana nguvu, atapata mwingine, kana kwamba mtoto ni kikombe kilichovunjika. Aliyemfaa ni mdogo wake, fundi cherehani, mwanamke asiye na mume wala mtoto, aliyekuja na cherehani yake akaiweka sebuleni ili mlio wake uwepo humo ndani.

Jumatatu moja maktaba ikiwa imefungiwa wasomaji, Mama Vitabu alikuwa peke yake kwenye chumba cha kushonea vitabu. Mbele yake palikuwa na kitabu cha watoto kilichong'oka jalada, hadithi ya dobi na binti yake wanaofua nguo za mtaa mzima. Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa na picha ya penseli: msichana anakimbia, bega moja limepanda juu kuliko jingine. Mwanawe alikimbia hivyo hivyo. Chini ya picha pameandikwa: *Mtoto akaweka karai chini, akakimbia kumpokea mama yake ndoo.*

Akausoma mstari kwa sauti. Mkono ukazama, kiganja kikagusa kifundo cha mkono, chembamba, chenye joto. Alijua palepale anafanya nini. Asije mtu akasema alipitiwa. Akakaza, akavuta. Kwa ndani alisikia kilio kidogo, kama cha mtu aliye chumba cha pili, na akahisi mtoto ameng'ang'ania kitu upande ule hataki kukiachia. Akavuta tena. Mara ya tatu kikaachia.

Akasimama mbele yake msichana wa miaka saba hivi, miguu mitupu, povu la sabuni mpaka viwikoni. Ngumi yake ilikuwa imefumbata kipande cha kitambaa kilichochanika, kipande cha gauni la mtu mzima.

"Mama yuko wapi?"

"Mimi hapa."

"Siyo wewe. Mama yangu."

"Utazoea," akasema Mama Vitabu, akamfuta povu kwa upindo wa gauni lake.

Nyumbani, mdogo wake aliinua macho kutoka kwenye cherehani. "Dada, mtoto wa nani huyo?"

"Nimepewa nimlee."

"Umepewa na nani?"

"Una maswali kama karani. Nimesema nimepewa." Kisha akamgeukia mtoto na kumwita kwa jina la marehemu, amwonyeshe kitanda chake. Mguu wa mdogo wake ukaganda juu ya kanyagio la cherehani.

Akamvisha nguo za marehemu. Zilimtosha, ila viatu vilimbana, akaambiwa miguu italainika. Akamkalisha kwenye kiti cha marehemu na kumwekea sahani. "Sema mama, halafu ule." Mtoto akaiangalia sahani, akamwangalia yeye, akaweka mikono mapajani. Sahani ikaondolewa. Jioni ikawa vilevile, na kesho yake vilevile. Mdogo mtu alikuwa akimpenyezea mkate nyuma ya pazia la vitambaa vyake, na siku ya tatu mtoto akamnong'oneza, "Asante, mama mdogo." Mama Vitabu alilisikia lile kutoka jikoni. Mama mdogo amemkubali, yeye aliyemtoa kwa mkono wake mwenyewe bado hana jina! Akaingia, akauchukua ule mkate mkononi mwa mtoto, akautupa kwenye ndoo ya taka.

Siku ya nne njaa ikafanya kazi yake. Mtoto akasema "mama" huku anatazama sahani. Mama Vitabu akaridhika, akampakulia mpaka ikafurika, akakaa kumtazama anavyokula.

Kila siku kazini alikifungua kile kitabu. Mwanzo pale pa mtoto palikuwa peupe tu, doa lenye umbo la msichana anayekimbia. Siku ya tatu maneno yakaanza kuhama. Dobi aliacha nguo za watu zikaoza kwenye karai, akaingia nyumba moja baada ya nyingine akiuliza. Siku ya sita alishamaliza nyumba zote za kitabu kile, akawa anatembea kwenye kurasa zisizo na picha, upande mmoja wa gauni lake umechanika. Siku ya tisa alitoka kabisa ndani ya mistari. Mama Vitabu akamkuta kwenye ukingo mweupe wa ukurasa, kwa herufi ndogo zilizopinda: *Wewe unayesoma, umemwona mwanangu? Ana miaka saba. Bega lake la kushoto limepanda kidogo kwa sababu ya kubeba ndoo. Kama umemwona, mwambie simkasirikii kwa ajili ya karai.*

Akakifunga kitabu, akakitia kwenye mfuko wake, akaenda nacho nyumbani asije mwingine akakisoma. Likawa kosa, maana siku ya kumi na mbili mdogo wake alikuwa anatafuta mkasi, akakikuta. Alisoma amesimama. Mama Vitabu aliporudi kutoka dukani, alimkuta bado amesimama palepale.

"Dada, huyu ndiye?"

"Weka kitabu chini."

"Huyu mama anamtafuta. Kila nikigeuza ukurasa yupo, ananiuliza mimi. Mrudishe."

"Kwani ni mtu? Ni wino. Kitabu kikilowa maji anafutika, na siku kumi na nne zikiisha ukurasa unajifunga, atamsahau."

"Mtoto naye ni wino? Mbona anakojoa kitandani kwa hofu?"

"Wewe hujazaa. Tumbo lako halijawahi kubeba hata mimba ya siku moja. Utaniambia nini kuhusu mtoto?"

Yalimwingia. Mdogo mtu alikaa kwenye kiti cha cherehani. "Sijazaa, kweli," akasema. "Lakini kusoma najua. Zimebaki siku ngapi?"

"Mbili."

Kwa siku hizo mbili hakumpa dada yake nafasi ya kupumua. Hakupiga kelele. Alimfuata tu, jikoni, uani, mlangoni, akimsomea ukingo wa ukurasa, na kila akiusoma palikuwa na maneno mapya. Asubuhi ya siku ya kumi na nne mtoto mwenyewe akaja, amejiosha uso, akapiga magoti mbele ya Mama Vitabu, akasema bila kutazama sahani yoyote, "Mama, nirudishe kwa mama. Nitakuita mama njia nzima."

"Haya," akasema Mama Vitabu. "Vaa viatu."

Mdogo wake alilia kwa furaha. Alimsuka mtoto nywele upya, akambusu utosini. "Leo unarudi kwenu, mwanangu. Nakuapia, jua likizama uko kwa mama yako."

Walifika maktaba saa kumi alasiri, wasomaji wakiwa wanaondoka. Mdogo mtu akaketi kwenye kiti kimoja kidogo cha watoto, magoti yakiwa karibu na kidevu, na wale wawili wakaingia chumba cha kushonea, mlango ukafungwa. Mama Vitabu akafungua ukurasa wa kumi na moja. Akamshika mtoto mkono kwa mkono wa kushoto, akaweka wa kulia juu ya karatasi ili kufungua njia, akausoma mstari.

Mkono mwingine ukamdaka.

Ulikuwa umemngojea palepale. Ulikuwa mgumu, umepasuka kwa sabuni, kucha zimelainika kwa maji. Ulimkamata kwa nguvu zote, kisha ukapapasa kwenda juu mpaka kifundoni, ukagundua kwamba huu si mkono wa mtoto. Ukatulia. Halafu ukaanza kumpigapiga kiganjani polepole, kama mtu anayemwomba mwenzake.

Mama Vitabu angeweza kumpitisha mtoto. Angeweza hata kumvuta yule mwanamke atoke, yeye na mwanawe wakaenda zao mjini. Alichokiwaza ni sebule ile ilivyokuwa kabla, na lile gauni dogo likirudi kuning'inia kwenye msumari. Wivu ukampanda. Huyu wa humu ndani amejaribu siku kumi na nne tu na tayari amempata wake mlangoni. Yeye amelia mwaka mzima, nani alimfungulia?

Akaanza kubandua vile vidole. Kimoja, cha pili, cha tatu. Cha mwisho alikikunja kinyume mpaka kikaachia. Akatoa mkono, akafunga kitabu, akakikalia.

"Umemwona?" mtoto akauliza. "Yupo?"

"Hayupo. Amehama."

Walipotoka, mdogo wake alimwona mtoto kwanza, kisha akauona uso wa dada yake. Wiki ile ile alibeba cherehani yake, akaenda kupanga chumba upande wa pili wa mji. Mlangoni alimkumbatia mtoto, lakini mtoto alikaa mikono imening'inia, anatazama ukuta.

Siku ya kumi na tano ukurasa ulikuwa umepona. Doa halikuwepo, ukingo ulikuwa msafi. Picha ilikuwa ya mwanamke ameketi kivulini, amenyoosha miguu. Mama Vitabu angeweza kukirudisha kitabu rafuni akanyamaza. Badala yake alikipeleka nyumbani, akamkalisha mtoto, amalize mambo ya kulialia mara moja.

"Sikiliza mwenyewe," akasema, akasoma: *Dobi alimaliza kazi yake mapema, akapumzika. Aliishi peke yake, hakuwahi kuzaa, na hilo halikumsumbua.* "Umesikia? Hana mtoto. Hakukumbuki."

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Sawa," mtoto akasema.

Tangu siku hiyo hakulia. Akawa mtoto ambaye mzazi yeyote angemtamani: anaamka kabla hajaamshwa, anafagia, anaitika "abee, mama" kwa sauti safi, shuleni hashiki chini ya nafasi ya tatu. Majirani walimsifia Mama Vitabu kwa malezi. Aliwaambia watu ni mwanawe, na kwa jina lile lile la marehemu. Miaka ilivyokwenda akaanza kupata tabu ambayo hakuitegemea. Akifumba macho kumtafuta yule aliyemzaa, uso uliomjia ni wa huyu. Alijaribu kukumbuka meno ya yule, cheko lake, alivyokuwa akilala, na kila mahali alimkuta huyu ameketi, kimya, anamtazama. Akaomba kuhamishiwa sehemu ya magazeti, akakubaliwa. Mkono wake aliujaribu mara moja tu, kwenye kitabu cha upishi. Karatasi ilikuwa karatasi.

Msichana alipofika miaka kumi na tisa, alipata kazi kiwanda cha dawa, mji mwingine. Asubuhi ya kuondoka alitandika kitanda, akaosha vyombo vyote, akaleta sanduku lake sebuleni. Mama Vitabu, ambaye kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuuliza, akauliza.

"Unanichukia?"

Msichana akafikiri kwa makini, kama aliyeulizwa bei ya kitu. "Hapana, mama. Wewe hukuniahidi chochote. Ninayemchukia ni mama mdogo. Yeye aliniapia."

"Mama mdogo ndiye alikutetea."

"Ndiyo," msichana akasema. "Nilimwamini." Akamuaga kwa adabu, akatoka, akafunga geti vizuri nyuma yake.

Mdogo wake Mama Vitabu alikuwa akipiga simu kila baada ya miezi michache, miaka yote hiyo, kuuliza mtoto anaendeleaje, kama anakula, kama amewahi kumtaja. Na yeye alikuwa akijibu kwa mkato na kukata. Sasa kwa mara ya kwanza Mama Vitabu ndiye aliyepiga. Simu ikapokelewa kwa haraka, kwa hofu. Nyuma ya sauti cherehani ilikuwa inakwenda.

"Dada? Kuna nini? Mtoto?"

"Ameondoka leo. Amekutaja."

Cherehani ikanyamaza. "Amesema nini?"

Mama Vitabu akamwambia, neno kwa neno, wala hakuacha hata moja. Alisubiri asikie kilio, hakukisikia. Alisikia pumzi tu, halafu simu ikakatwa. Akaitazama saa ya ukutani, akavaa viatu, akaenda kazini.