Hedi Iliyopakwa Rangi

Kila asubuhi, kabla ya kushika kazi, mama mdogo alijipaka mafuta ya kupikia mikononi hadi viwikoni, grisi isije ikamwingia kwenye ngozi. Mafundi walimtania kwamba anajiandaa kukaangwa. Aliwajibu kuwa wao ndio watatangulia kuiva.

Yeye ni mdogo wake mama, na gereji ni ya baba. Trekta bovu likifunguliwa, vipuri vya injini vilienda kwake. Aliviloweka kwenye dizeli, akavikwangua masizi kwa brashi ya waya, akavisugua mpaka chuma kionekane. Silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, aliipaka mafuta ya taa, akaifuta, akainyunyizia unga wa chaki. Kama ina ufa, mafuta yanatoka ndani na kuchora mstari kwenye chaki. Isipochora, anasema, "Imepona." Neno hilo ndilo wakulima walilolifuata pale, wala si sura ya baba.

Kuna hedi moja ilichora mstari kutoka vali hadi vali. Mama mdogo akaitupa kwenye vyuma chakavu. Kesho yake naikuta mezani imepakwa rangi ya fedha, inang'aa kama sufuria ya dukani, na baba anamwonyesha mzee mmoja ambaye trekta lake lilikuwa limekufa, mvua ziko mlangoni, shamba halijalimwa.

Mzee aliuliza tu kama yule mama ameipitisha.

"Imepona hiyo," baba akasema. "Si kweli, shemeji?"

Wala hakuona haya. Chuma ni chake, apake rangi anavyotaka. Lakini neno halikuwa lake, na alimwibia mwenyewe akiwa amesimama pale pale.

Mama mdogo akaweka brashi chini. "Shemeji, maiti hata umvishe suti haendi harusini. Mzee, hiyo ina ufa. Usiibebe."

Mzee akaondoa mikono juu ya hedi. Baba akacheka, akasema wanawake bwana, ukiwapa kazi wanataka na kiti. Kisha akamwamuru amwombe mteja radhi, aseme amechanganya na hedi nyingine. Mafundi wakainamia bolti zao, hata wale waliomwona akiitupa. Watu wazima, wana ndevu, ghafla wote hawana shingo.

Mama mdogo akavua ovaroli, akamtupia baba kifuani, akamwambia aipake rangi na hiyo, huenda ikamsemea anayoyataka. Akatoka kwa geti la wateja. Mama amemtumia salamu na kumbembeleza. Hajarudi.