Nimepasha

Mdogo wangu alikuwa fundi wa kuchomelea, na watu walimwita Nondo tangu hajaoa. Si kwamba alikuwa na mwili mkubwa. Ukimpita barabarani amevaa shati la mikono mirefu hungegeuka kumtazama mara ya pili. Walimwita Nondo kwa sababu hakukunjika. Akishika jambo, amelishika. Mimi ni dada yake mkubwa, nimembeba mgongoni, najua ninachosema: kichwa kile kilikuwa kigumu kabla hakijaota nywele.

Nyuma ya karakana yake kulikuwa na ua, na uani hapo alitengeneza jimu. Vyuma vyenyewe vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba, gia za lori bovu, na benchi aliyoiunga kwa mikono yake. Kioo hakikuwepo. Alisema kioo kinamfanya mtu ajitazame badala ya kunyanyua. Sindano na vidonge vya kuvimbisha misuli navyo alivipiga marufuku, na hilo ndilo lilikuwa sharti la kwanza. Kinyozi wa jirani alilivunja. Akanunua vidonge kwa siri, kifua kikavimba hadi mashati yakamkataa, halafu akaanza kukosa usingizi na kugombana na wateja, na alipoviacha akanywea akawa mdogo kuliko alivyokuja. Nondo hakumcheka. Alimpa kopo dogo kuliko yote akamwambia, "Kula maharage, kula mayai, lala mapema, kesho uje."

Mafundisho yake hayakuwa mengi. Nyanyua kichwani kwanza, alisema. Fumba macho, kione chuma kikipanda, ndipo ukiguse. Ongeza kidogo tu, na usiongeze kesho kile ambacho leo hujakiweza vizuri. Mimi nilikuwa namtania kwamba angekuwa mhubiri angejaza watu, lakini sikatai, mambo yake yalifanya kazi. Nimewaona watu wakiingia uani pale mabega yameshuka, hawana hata pumzi ya kusalimia, na baada ya miezi wanabeba mifuko ya saruji huku wanapiga soga.

Kulikuwa na sharti lingine. Kusema "nimechoka" ilikuwa marufuku. Aliyeishiwa nguvu alitakiwa kusema "nimepasha", yaani sasa ndiyo misuli imepata moto, na akishasema hivyo anaongezewa raundi moja huku wenzake wanaangua kicheko. Neno likatoka uani likaenea mtaa mzima. Muuza mkaa akitua gunia, nimepasha. Mimi nikimaliza kufua mablanketi, nikishika kiuno, nimepasha. Na aliyelipenda kuliko sote ni wifi yangu, mke wa Nondo, ambaye hakuwahi kugusa chuma.

Yeye alikuwa mshonaji. Cherehani yake ya miguu ilikaa barazani, na sare nyingi za watoto wa shule pale mtaani zilipita chini ya sindano yake. Mwembamba, mcheshi, mdomo haumlali. Siku moja Nondo alikuwa anajisifia kopo jipya alilolimudu, naye akamjibu bila kuinua uso kwenye kitambaa, "Wewe unanyanyua kopo, unalirudisha palepale. Mimi nikikanyaga hapa inatoka kaptula. Sasa nani ana nguvu?" Nondo alicheka mpaka akakaa chini. Hawakujaliwa watoto, na labda ndiyo maana walitaniana kama watoto.

Kiharusi kilimkuta wifi yangu akiwa anapiga pasi. Tulipofika hospitali upande wote wa kulia ulikuwa umelala: mkono, mguu, na pembe ya mdomo. Daktari akasema presha ilikuwa juu siku nyingi bila mwenyewe kujua. Alipewa dawa, akafundishwa mazoezi mepesi na mama mmoja wa mazoezi ya viungo pale kliniki, kisha akarudishwa nyumbani. Nilimkuta amelala anatazama dari. Aliniambia kwa shida, maneno yakimvutika, "Wifi, mguu huu ndio wa cherehani."

Nondo alilisikia hilo, na tangu hapo hakuwa na jambo lingine. Alinunua bomba, akalichomelea likawa reli kwenye ukuta wa korido, kutoka chumbani hadi barazani ilipokaa cherehani. Kila asubuhi kabla ya kufungua karakana alikaa na mkewe kitandani. Walianza na kigurudumu cha uzi. Kukishika tu, basi. Kisha chupa tupu, kisha chupa yenye maji kidogo, na kila aliyoimudu aliiongeza maji. Siku ambazo vidole viligoma kabisa alimwambia afumbe macho anyanyue kichwani. Wifi yangu akafumba, halafu akasema, "Kichwani nimeshaenda sokoni nimerudi, mkono wenyewe bado umelala." Tukacheka sote watatu. Lakini kesho yake kidole kimoja kilijikunja, na Nondo akatoka nje akajifanya anatafuta ufunguo, kumbe analia.

Nitasema kweli, sijawahi kumuona mtu akijituma vile. Nazungumzia wifi yangu sasa. Jasho lilimtoka kama mtu anayechimba kisima, meno ameyauma, anaburuza mguu akishika reli. Alifika mlango wa chumba. Baadaye akafika katikati ya korido. Mvua zilipoanza, akatokea barazani kwa miguu yake, akakaa mbele ya cherehani na kuweka mguu kwenye kanyagio. Alishona pindo la leso, limepinda huku na huku. Kinyozi aliliomba akalitundika kwenye duka lake juu ya kioo, na mteja akiuliza anaelezwa habari yote, atake asitake. Mtaa mzima ukampa Nondo heshima ya daktari.

Asubuhi iliyoharibu kila kitu nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa barazani nachambua mchele, kinyozi amesimama na chai yake mkononi. Wifi yangu alikuwa ametembea korido kwenda na kurudi, na Nondo anamfuata nyuma. Akasimama, akaegemea ukuta, akasema kwa sauti ya chini, "Nimepasha."

Kinyozi akacheka. Mimi nikacheka. Nondo akapiga makofi akasema, "Haya, mama kapasha. Raundi moja ya nyongeza."

Alikwenda. Hakubisha, hakukunja uso. Alipofika karibu na mlango mkono ukaachia bomba, akaanguka chini kifudifudi.

Baadaye, alipoweza kutueleza kwa mkono wa kushoto na maneno mawili matatu yaliyobaki, tulielewa kwamba kichwa kilikuwa kinamuuma tangu anaamka, na kwamba macho yalikuwa yanaona ukungu. Alitaka kulala. Alisema nimepasha kwa sababu ndani ya nyumba ile, kwa miaka yote ile, neno la mtu kusema amechoka lilikuwa hilo. Hapakuwa na lingine. Alilisema kwa maana yake hasa, na sisi tukasikia mzaha.

Daktari alimweleza Nondo waziwazi, na mimi nimesimama pembeni. Kilichomwangusha ni kiharusi cha pili, na kilikuwa njiani tayari, presha ilikuwa imepanda, kingeweza kumkuta amelala usingizi. Raundi ya nyongeza haikukileta. Nondo aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza bei ya kitu ambacho hanunui. Ningemlaumu nani? Maisha yake yote aliamini kwamba matokeo yanatoka kwenye juhudi zako wewe. Ukishinda, ni wewe. Basi ukishindwa ni wewe vilevile. Katika imani ile bahati mbaya haikuwa na pa kukaa, na mdogo wangu akaubeba mzigo wote peke yake.

Alichukua grenda akaikata ile reli ukutani. Cheche zilijaa korido. Mkewe alikuwa kitandani anasikia.

Akaanza kumbeba. Kitandani hadi bafuni, bafuni hadi kwenye kiti, kitini hadi juani. Alimbeba vizuri, hilo sina budi kulisema. Mkono mmoja chini ya magoti, mmoja mgongoni, hamtikisi, hamgongeshi mlangoni. Jimu aliifunga, makopo yakabaki uani yananyeshewa. Majirani wakasema hawajaona mume kama yule. Walimsifia mpaka wakanikera. Wanawake wakawa wanawasema waume zao kwa kumtolea mfano yeye. Na mimi nilikuwa naona kitu ambacho wao hawakioni, kwamba wifi yangu kila alipopitishwa koridoni alinyoosha mkono wake wa kushoto akagusa ukuta, pale palipobaki vishina vya bomba. Alikuwa anataka. Nondo akambembeleza, "Pumzika mama, pumzika," akampitisha.

Nilimvumilia, halafu sikuvumilia tena.

"Unamzika," nilimwambia tukiwa uani.

"Dada, tafadhali."

"Tafadhali nini? Yule mama wa kliniki alisema mguu unyooshwe kila siku. Unaunyoosha?"

"Nitamuua."

"Na sasa unamfanyaje? Mtu ana akili zake timamu, umemgeuza mto wa kochi. Wewe si ndiye uliyekuwa unafundisha watu hapa?"

Alikaa kwenye ile benchi iliyoshika kutu, mikono imening'inia katikati ya magoti. "Zamani nilikuwa namtazama mtu akinyanyua, namjua kama anajituma au anadanganya," alisema. "Nilijivunia jicho hilo. Mke wangu alikuwa anaanguka mbele yangu, Dada, na mimi nikapiga makofi. Sasa nitamtazama kwa jicho gani?"

Roho iliniuma, nikampigapiga mgongoni kama alipokuwa mdogo, nikaenda zangu. Nilijiambia atatulia tu, mpe muda. Lakini mguu haukusubiri atulie. Mwanzo goti lilikuwa linanyooka ukilivuta taratibu. Baadaye likawa linanyooka nusu. Nikamlilia yule mama wa kliniki aje nyumbani, akaja, akaushika mguu kwa mikono miwili, akaujaribu, akaushusha polepole juu ya shuka. Hakumfokea mtu. Alisema tu kwamba misuli imeshafupika na kifundo kimekaza, kwamba angeitwa mapema ingekuwa habari nyingine, na kwamba kujaribu si vibaya.

Nondo alilishika hilo la mwisho. Jioni ileile alirudisha reli. Alichomelea bomba jipya, akalisugua kwa msasa mpaka likawa laini lisimchubue mkewe kiganja. Nilipokuja asubuhi nilimkuta wifi yangu ameshavaa gauni lake la kutokea, lile la maua, na amefungwa kitambaa kichwani. Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Alinitazama akajaribu kusema wifi, ikatoka nusu.

Nondo alimsimamisha. Mkono wa kushoto ukashika bomba, ukakaza. Nondo akaachia kidogo, viganja vyake vipo wazi pembeni ya mbavu za mkewe, tayari.

"Kichwani kwanza," alimwambia kwa sauti ndogo. "Ione hatua."

Alifumba macho. Nilimuona akiona. Halafu akaanza. Mishipa ya shingo ikasimama, mdomo ukatetemeka, jasho likachirizika hadi kwenye kola ya gauni. Lile goti la kulia lilibaki limekunjwa. Kisigino hakikugusa sakafu. Alipumua, akaanza tena, na safari hii aliguna kama anayesukuma gari lililokwama, na mwili wote ulikwenda mbele isipokuwa mguu. Akarudia tena. Hakuna aliyemwambia arudie.

Mimi sijui vyuma, lakini hata mimi niliona kwamba hakubakiza kitu. Nikamtazama mdogo wangu usoni. Alikuwa anamtazama mkewe kwa lile jicho lake la uani, jicho la kumjua anayejituma kweli, na lilikuwa halijaharibika. Liliona sawasawa. Aliona juhudi yote ambayo binadamu anaweza kuitoa, iko mbele yake, na mguu haujasogea. Machozi yakamshuka hadi kidevuni, wala hakuyafuta, maana mikono alikuwa ameitega ili mkewe asianguke.

Wifi yangu akafumbua macho. Alimuona vile analia. Akaachia bomba bila haraka, akaunyoosha mkono wake mzima, akamzungushia mumewe shingoni, akajilegeza magoti kama alivyozoeshwa, na akangoja abebwe.