Aliimba Kwamba Anaondoka, Akakuta Begi Mlangoni

Haya ninayowasimulia mtasema nimetia chumvi. Jamani, sijatia hata punje. Mwenyewe yupo, na huenda shati ulilovaa sasa hivi ni yeye aliyelinyoosha.

Saa tatu asubuhi. Chumba cha dobi kina joto kama sufuria iliyofunikwa. Mama mmoja, wenzake wanamwita Bi Mvuke, anatandaza shati jeupe mezani, analinyunyizia maji kwa vidole, anashusha pasi. Inakwenda, inarudi. Midomo yake inacheza.

Anatunga shairi, tena bila kalamu. Pasi ikienda, mizani nane. Ikirudi, nane nyingine. Kola ni mshororo wa kwanza, mikono ni wa pili na wa tatu, mgongo ndio wa kumalizia.

"Shati la mikono mirefu ndilo linalotungika," anasema. "Suruali haina shairi. Inachosha tu."

Na miaka yote anatunga jambo moja: kuondoka. Huyu ni mama wa watoto watatu, mumewe ni fundi baiskeli, na hajawahi kulala nje ya nyumba yake ila siku za kujifungua.

"Kichwani nimeshahama mara nyingi sana," ananiambia. "Jioni narudi kupika."

Sasa sikilizeni kilichotokea mwezi uliopita.

Mfuaji mwenzake, anayeitwa Povu, ndiye anayeshika simu ya kazini. Nguo zikiwa tayari, anawatangazia wateja kwenye kundi lao. Siku hiyo akaona tangazo limepoa. Akamrekodi Bi Mvuke akighani mezani, akairusha sauti ile kwa wateja wote. Ilikuwa hivi:

Naiacha pasi moto, mashati yajinyooshe,
Nawaaga na watoto, baba yao awakoshe,
Nitavuka kule mto, jina langu nilioshe,
Nikaishi kama ndoto, asiwepo anichoshe.

Wateja wakafurahi kweli. Mmoja akaja mbio kuuliza kama suruali yake itatoka kabla Bi Mvuke hajavuka huo mto. Chumba kizima cha dobi kikacheka, na mwenyewe akacheka.

Kumbe kwenye kundi lile yumo wifi yake, dada wa mume. Naye hakuchelewa. Akamtumia kaka yake sauti ile, na chini akaongeza neno: "Kaka, mkeo anaaga mtaa mzima, wewe huna habari."

Jua halijazama, Bi Mvuke anafika nyumbani. Mlangoni kuna begi, lake la safari, limefungwa zipu mpaka mwisho. Juu yake limekunjwa koti.

Alidhani kuna msiba.

Ndani, watoto wote watatu wamekaa kwenye kochi, nywele zinachuruzika, wananuka sabuni ya kufulia. Baba yao amewaosha. Yule ambaye tangu wazaliwe hajui hata dodoki linawekwa wapi! Na amevaa shati aliloanika mwenyewe, limekunjamana kama karatasi iliyotolewa mfukoni.

Mume hakupandisha sauti. Alimwambia koti amelitoa makusudi, huenda ng'ambo ya mto kuna baridi. Watoto tayari ameshawakosha, kama ubeti ulivyotaka. Bi Mvuke akajitetea kwamba yale ni mashairi tu, baba watoto, ni maneno ya kusogeza kazi. Mume akatikisa kichwa. Alikuwa ameisikiliza ile sauti tangu mchana, akiwa na gurudumu la mtu mapajani.

Ndipo akasema lile neno ambalo Bi Mvuke alipolirudia, mimi nilibaki mdomo wazi na simu yangu mkononi.

"Pasi umeiaga. Watoto umewaaga. Mimi umenitaja wa kukosha watoto tu. Mimi mbona hukuniaga?"

Mwanamke wa mizani, aliyekaa na yule bwana miaka kumi na mbili, akakosa hata silabi moja.

Mpaka leo begi liko pale pale mlangoni. Asubuhi wanalikwepa, jioni wanalikwepa. Mtoto mdogo analikalia akivaa viatu. Mume hajalifungua, na amesema hatalifungua: akitaka kwenda aende, akitaka kubaki abaki, ila amtungie na yeye ubeti wake.

Wifi akipita anachungulia. "Wifi, bado hujapata usafiri?" Povu naye ameapa simu ataitumia kutangaza nguo tu.

Bi Mvuke anajaribu. Kola inatoka vizuri, mkono wa kwanza unatoka. Akifika kwenye mshororo wa mume, pasi inasimama. Juzi ilisimama mno, ikaacha alama ya kahawia mgongoni mwa shati la mteja. Halikuwahi kumtokea hilo.

Nilimuuliza ana mpango gani. Akainua pasi, akaisimamisha, akafuta jasho.

"Jumamosi nataka nivuke ule mto kweli. Peke yangu, na begi langu. Nikauone. Labda nikiwa ng'ambo ndiyo nitamwona vizuri yule mtu, nimtungie." Akaishika tena pasi. "Ninachoogopa ni kimoja. Akiniona nalibeba, atajua narudi?"

Swali hilo nimekuja nalo kwenu. Wewe je? Begi liko mlangoni, mume yuko ndani anangoja ubeti. Ungelibeba, au ungelifungua urudishe nguo kabatini?