Kadi Mpya ya Kapya

Serikali ilipokataza majina ya ubatizo na kuamuru watu waitane citoyen, yaani raia, Laurent Kapya, mwandishi wa programu katika kampuni moja ya shaba Lubumbashi, aliambiwa ayafute majina hayo kwenye mashini ya mishahara. Mashini ilisoma kadi zilizotobolewa, na kila mfanyakazi alikuwa na yake; kufuta jina ilikuwa ni kutoboa kadi mpya. Wiki tatu Kapya hakuona jua. Wakubwa walileta wageni, wakaisifu mashini. Aliyeilisha, hakuna aliyemuuliza kama yeye mwenyewe amekula.

Mkewe Ngalula, muuza samaki wakavu sokoni Kamalondo, alimwambia, "Baba Kunda, kazi yako iko na heshima mingi, lakini bukari tunakula iko inatoka ku samaki yangu." Kapya akaumaliza ugali wake, akarudi kazini.

Desturi yake ilikuwa moja: kila badiliko alilijaribu kwanza kwa kadi yake mwenyewe, asije akaharibu mshahara wa mtu. Tena akaiamuru mashini imzuilie malipo yeyote atakayebaki na jina la kale.

Siku ya malipo, karani, jirani yake wa Ruashi, alitazama orodha, akakuna kichwa. "Mi nakujua muzuri, citoyen Kapya. Mashini njo iko inakukatala."

Kapya akapapasa mfuko wa shati. Kadi yake mpya ilikuwa humo tangu siku ya kuijaribu. Ya Laurent ndiyo iliyobaki kwenye mashini. Akafungua mdomo amtukane mpumbavu aliyeifundisha mashini ukatili ule, akaufunga, akashika njia ya Kamalondo, kwenye samaki.